Meza ya Mikanda

14 Januari

Kwako Dada,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na mwanao na mama. Mimi sijambo, isipokuwa mgongo. Hapa godauni wamepanga rafu upya: maboksi mazito wameyapandisha juu, mepesi wameyaacha chini. Nilipomweleza bosi kwamba hiyo ni kinyume cha kila nilichosoma, alinijibu, "Basi wewe Mhandisi, panda ngazi." Nikapanda.

Nimeandika badala ya kupiga kwa sababu unayoijua. Simu ya mama haina siri. Akipokea tu anaweka sauti kubwa, eti haoni pa kubonyeza, na nusu ya mtaa inaongea na mimi. Yako nayo, tangu itumbukie kwenye ndoo, naona bado umo kwenye matanga.

Jambo lenyewe ni hili. Pendekezo langu la tasnifu limekataliwa. Mwalimu wangu, ambaye sijawahi kumwona chini ya shingo kwa kuwa kamera yake inaishia hapo, amegundua kwamba kiwanda nilichokiandika hakipo. Ni kweli hakipo. Nilikitunga, mashine zake, wafanyakazi wake na hasara zake, na nilijiona nimetunga vizuri. Amenipa nafasi moja ya mwisho: nilete kiwanda cha kweli na vipimo vya kweli kabla muhula haujaisha. Nikishindwa, shahada ya uzamili imekwenda na maji, miaka yote ya kusoma kwa mtandao wakati wenzangu wa godauni wakila chakula cha mchana. Na hawa wameshazoea kuniita Mhandisi. Unajua watu wanavyocheka mtu akianguka kutoka mahali alipojipandisha mwenyewe.

Wewe na mama mko kiwandani, kwenye laini ya kushona mabegi ya shule. Naomba unipimie. Kaa kwenye kila meza, uangalie fungu moja la kazi linachukua muda gani tangu kuanza hadi kuisha, ujaze karatasi na kutia sahihi. Nimetuma saa ya kupimia pamoja na karatasi zenyewe. Ni kazi rahisi, hata wewe utaiweza. Meneja mwombe ruhusa, umwambie atapata nakala ya ripoti bure. Sijaona meneja anayelikataa neno bure.

Msalimie mama. Usimwambie kwamba pendekezo lilikataliwa.

Mdogo wako


9 Februari

Kwako mdogo wangu,

Marahaba. Sisi wazima. Mwanangu ameng'oka jino la mbele na sasa anazungumza huku amefunika mdomo kama bibi harusi. Mama hajambo. Anatoka nyumbani kabla yangu kila asubuhi ili akutwe ameshakaa mezani pake.

"Hata wewe utaiweza." Nimeyasoma hayo maneno mara mbili, nikahisi labda nimekosea. Ahsante. Nilidhani aliyetolewa shule ili wewe uendelee alikuwa na akili walau za kutazama saa.

Nilikuwa nimekataa, nikuambie ukweli. Sababu ni mama. Mama haoni. Si kwamba haoni vizuri, haoni. Uzi anatunga kwa kupapasa. Juzi getini alimshika mkono mlinzi, akamwambia, "Twende mwanangu, tunachelewa," na mlinzi yule ana ndevu mpaka kifuani. Miwani hataki kuisikia, maana anajua siku atakayoivaa msimamizi ataanza kumchunguza. Yeye anashona mikanda ya kubebea begi, na mkanda ukienda kombo mtoto wa watu anadondosha vitabu njiani. Karatasi yako ikisema meza ya mikanda ndiyo inayochelewesha laini, mama anatoka siku hiyo hiyo. Na unamjua. Kiwanda kilipofungwa wiki ile kwa ajili ya ukarabati, alikuwa akiamka, anavaa sare, anakaa kitandani mpaka saa ya kutoka kazini ifike, ndipo anaivua. Mtu wa namna hiyo ukimtoa kwenye laini umemmaliza.

Lakini zile karatasi alizikuta, akamtaka mwanangu amsomee. Nilirudi kutoka sokoni nikamkuta amevimba kwa hasira.

"Mtoto anaomba apimiwe kazi, wewe unamnyima?" akaniuliza. "Kwani ukiipima inapungua?"

Kesho yake alikwenda mwenyewe kwa meneja, akiongozwa na jirani yake wa meza, yule tunayemwita Kipaza kwa ajili ya sauti yake. Meneja aliposikia bure, alikubali kabla hawajakaa.

Kwa hiyo nitapima. Ila nataka ahadi yako kwa maandishi: ukiona meza ya mikanda inasuasua, hutaitaja.

Dada yako


21 Machi

Kwako Dada,

Shikamoo sana, shikamoo mara mbili! Karatasi zimefika zote, zimejazwa vizuri na sahihi yako iko kwenye kila moja. Nakiri mwandiko wako ni mzuri kuliko wangu. Huku mambo ni mazuri. Mgongo umepoa, na mwenye nyumba ameniruhusu kuweka meza ya kusomea kwenye korido, karibu na dirisha ambalo mtandao unapita.

Ile ahadi uliyoitaka haina kazi tena. Umenitisha bure na hayo macho. Dada, mama ni mashine! Nimehesabu mara tatu nikidhani nimekosea. Meza ya mikanda ndiyo yenye kasi kuliko zote kwenye laini. Anamaliza fungu lake mapema kuliko nyinyi nyote, na sehemu kubwa ya zamu mikono yake inasubiri kazi. Zipu zako wewe, samahani kusema, ni za katikati.

Hapo ndipo tasnifu ilipojileta yenyewe. Meza ya tano ni mama anashona mikanda. Meza ya sita ni huyo Kipaza wenu anaweka vile vishikizo vya plastiki vya kufungia. Mama ana muda wa ziada, basi apewe meza zote mbili, mikanda na vishikizo, na meza ya sita ifutwe. Laini inapungua mtu mmoja na mabegi yanatoka yale yale. Nilipomwonyesha mwalimu, alisema "safi." Huyu mtu mwaka mzima amekuwa akisema "mh" tu.

Majina sijaandika. Ni mfanyakazi wa meza ya tano na mfanyakazi wa meza ya sita, hivyo ndivyo inavyotakiwa.

Nimeshampigia mama na kumwambia yeye ndiye namba moja. Alipiga kigelegele, nikasikia na majirani wakiitikia. Nitawasilisha mwishoni mwa Aprili.

Mdogo wako


6 Aprili

Kwako mdogo wangu,

Marahaba. Sote tuna afya, salamu ziishie hapo kwa sababu nina haraka na wewe unatakiwa uwe na haraka kuliko mimi.

Usiwasilishe. Vipimo vya meza ya mikanda si vya kweli.

Nisikilize. Pale kwenye laini tuna kitu tunakiita kuwekeana. Mwenzio akiwa na mgonjwa nyumbani, au ana mimba changa, au kidole kimevimba, hatumwachi msimamizi amkute nyuma. Kila mtu anashona kidogo cha ziada na kumwekea kwenye boksi lake. Meza zetu zina vitambaa vinavyoning'inia mpaka magotini, vya kuzuia vumbi la nyuzi, na mkono unapita chini yake bila mtu kuona. Mama tumekuwa tukimwekea tangu macho yalipoanza kumtupa. Kipaza ndiye anayeshona mikanda mingi ya mama kuliko mama mwenyewe. Ile sauti yake ambayo wote tunaicheka ina kazi: akiwa anasukuma mikanda kwenye boksi, anaongea kwa nguvu ili mama asisikie boksi likisogea.

Mama hajui. Elewa hapo. Yeye anahesabu kwa kushika, na jioni anashika boksi limejaa. Anajua ni mikono yake.

Sasa siku ya kupima, wanawake wa laini walijua ni kazi ya mtoto wa mama, yule anayesomea uhandisi. Wakasema leo mama yetu atang'aa. Waliweka kuanzia asubuhi, laini nzima, mpaka mwingine alikuwa anatoka meza ya zipu anajifanya anaokota sindano. Niliona yote nikiwa nimeshika saa. Nilinyamaza na nikaandika kile saa ilichosema. Mama alikuwa anacheka, na mimi nilidhani nambari nzuri zinamlinda mtu. Sikujua kwamba huko kwenu anayeonekana ameweza ndiye anayebebeshwa zaidi.

Ukimtoa Kipaza umetoa mikono ya mama. Ukimpa mama meza mbili umemfukuza, ila kwa adabu. Hajawahi kuweka kishikizo hata kimoja maishani mwake, na kile kitu ni kidogo kama punje ya mahindi.

Mwambie mwalimu wako vipimo vina kasoro. Nitapima upya, kweli tupu, na suala la meza ya mikanda tutalitafutia njia. Nijibu upesi.

Dada yako


18 Juni

Kwako Dada,

Shikamoo. Ni muda mrefu, najua, na lawama nazikubali zote. Habari za hapo? Mama anaendeleaje, bado anaamka mapema? Mwanao jino jipya limeota? Mpe pole na hongera kwa pamoja. Huku mvua zimezidi, godauni liliingia maji upande mmoja na tukashinda wiki nzima tukianika maboksi kama nguo. Mwenye nyumba naye amepata mjukuu, kwa hiyo pale koridoni sasa kuna nepi zinaning'inia juu ya kompyuta yangu. Siku ya kutetea tasnifu ilibidi nizianue moja moja, mwalimu asije akaziona nyuma ya kichwa changu.

Ndiyo, nimetetea. Na nimefaulu, Dada. Watahini walikuwa watatu kwenye kioo na wote walikubali. Mmoja alisema kazi yangu ni mfano wa jinsi hasara inavyoweza kujificha mahali ambapo kila mtu anaonekana ana shughuli. Nililia kidogo, kamera ilikuwa imeshazimwa.

Tangu nikuandikie Machi sijapata barua yako. Kama uliandika Aprili au wakati wowote, basi ujue haikufika. Posta ya siku hizi ni bahati nasibu.

Nakala ya meneja imeshakwenda, kama tulivyomwahidi. Amenipigia mwenyewe kunishukuru, sauti yake nzuri kweli, anasema ataanza kutekeleza mara moja. Mwambie mama asiwe na wasiwasi. Meza mbili kwa mtu wa kasi yake ni mchezo.

Mdogo wako


11 Julai

Kwako Mhandisi,

Marahaba. Mwanangu mzima. Mimi mzima. Mama nitakueleza.

Meneja alipanda juu ya kiti, akatuita wote, akasoma ripoti yako kwa sauti. Alisema kiwanda kina bahati kwamba mfanyakazi wake amezaa mtaalamu. Tukapiga makofi. Mama alisimama akainamisha kichwa, akiwa ameelekea upande ambao hakukuwa na mtu. Kisha Kipaza akaambiwa akabidhi mkasi wake. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue hakusema neno. Alikuwa na uwezo wa kusema, na meza ile yote ingepinduka pale pale. Alimtazama mama, akanitazama mimi, akachukua mkoba wake akatoka. Amekaa nyumbani tangu siku hiyo, na tukikutana njiani ananisalimia kwa kichwa.

Mama sasa ana meza mbili. Siku ya kwanza alifika akiimba. Siku ya pili aliacha kuimba. Vishikizo vinamponyoka vinaanguka sakafuni, anapiga magoti kuvitafuta kwa viganja, na huku mabegi yanarundikana nyuma yake mpaka mimi wa zipu nakosa pa kuweka. Kuna begi lilitoka lina mikanda miwili upande mmoja. Msimamizi alilivaa akatembea nalo mbele yetu, limelala kama mlevi, watu wakacheka. Mama naye akacheka, maana hakuona linalochekwa lilikuwa lake. Jioni ananiambia, "Sijui leo mikono yangu imelala vibaya." Kila jioni ni leo.

Tungemwekea. Wanawake wako tayari mpaka kesho. Ila hatuwezi, kwa sababu vitambaa vimeondolewa kwenye meza zote.

Na hapo ndipo nataka unieleze. Nimeiomba ripoti kwa karani nikaisoma mwenyewe. Mapendekezo yako, lile la mwisho: "Vitambaa vinavyofunika meza viondolewe, kwa kuwa vinaruhusu kazi iliyokamilika kupitishwa bila kuonekana." Umesema barua ya Aprili haikufika. Karatasi zako za kupimia hazikuwa na mahali pa kuandika vitambaa, na wewe hujawahi kuingia kiwandani kwetu hata kutafuta choo. Vitambaa niliviandika mahali pamoja tu.

Uliisoma. Uliisoma, ukaelewa tunavyomshika mama asianguke, ukatafuta mkono uko wapi, ukaukata.

Sitaki maelezo ya posta. Nataka mstari mmoja uende kwa meneja, kutoka kwako: vipimo vya meza ya mikanda vilikosewa. Kwako anaamini. Mimi kwake ni mshona zipu wa katikati tu. Andika leo, bado mama yuko kazini.

Dada yako


3 Agosti

Dada,

Nimeipata barua yako na nimesikitika kwa lugha uliyotumia. Natumaini mko wazima.

Kuhusu barua ipi ilifika na ipi haikufika, tusibishane na posta. Tuongee mambo yalivyo.

Ningeandika nini Aprili? Kwamba namba zote ni za uongo, naomba mwaka mwingine? Nafasi ilikuwa moja. Nilikuambia nini wewe tangu Januari? Kwako ni mama tu, kila kitu ni mama, kana kwamba mimi nilianguka kutoka mbinguni na sina maisha ya kupoteza. Na kuhusu vitambaa, fikiria kidogo. Vingebaki, siku moja msimamizi angefunua akaona mnachofanya, na kila mtu angejua vipimo vyangu vilitoka wapi. Nililazimika kufunga mlango huo. Wewe ungekuwa mimi ungefanya vivyo hivyo, ila ungelia zaidi.

Huo mstari unaoutaka siandiki. Nikikiri kwa meneja, chuo kitajua, na cheti kitarudi kabla sijakishika. Na tena nikukumbushe kitu, si kwa ubaya. Sahihi kwenye kila karatasi ni yako. Mimi nilikuwa mbali, nilipokea namba nikazihesabu. Aliyeona watu wanadanganya na akaandika ni mpimaji. Ukienda kwa meneja, hutakuwa unamsema mdogo wako, utakuwa unajitaja mwenyewe, na wewe una mtoto. Mimi nakushauri tunyamaze wote wawili.

Mama ni mtu mzima. Akiona kazi imemzidi, apumzike. Akitoka kazini nitamchukua aje akae na mimi, nimekwisha kusema na mwenye nyumba kuhusu chumba cha pili. Hilo nakuahidi kwa maandishi, kwa kuwa wewe unapenda ahadi za maandishi.

Mahafali ni Septemba, kwa mtandao. Joho limeshafika kwa kifurushi, ni refu kidogo lakini kamera haitafika chini.

Mdogo wako


15 Septemba

Kwako mdogo wangu,

Shikamoo hukuniandikia safari ile, kwa hiyo sina marahaba ya kukurudishia. Mwanangu mzima. Jino limeota, limekaa upande.

Nilikwenda kwa meneja. Nilitafakari tisho lako siku mbili tatu, nikaona heri nifukuzwe mimi ninayeona. Nilimwambia kila kitu: kuwekeana, vitambaa, Kipaza, saa mkononi mwangu. Nilimwambia macho ya mama yamekwisha na hakuna kipimo chako cha meza ya tano kilichokuwa chake.

Meneja alinisikiliza mpaka mwisho, akamwita mama. Akamwambia, "Binti yako anasema ile kasi haikuwa yako. Anasema walikuwa wanakushonea."

Mama alikuwa ameshika kona ya meza ya meneja. Kidole cha shahada kilikuwa kimefungwa kitambaa, sindano iliingia wiki ile ikatokea upande wa pili. Niliomba moyoni aamini. Kisha akasema, na sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa, kama anayeagiza chumvi dukani, "Msamehe, baba. Ana wivu. Tangu wadogo anamwonea wivu mdogo wake kwa ajili ya shule. Mwanangu mimi hakosei hesabu."

Meneja akamuuliza, basi kwa nini kazi haitoki.

"Nimezembea tu," mama akasema. "Mtoto wangu amepima, ameona naweza. Kama siwezi, ni uvivu umeniingia uzeeni."

Akapewa karatasi ya kuachishwa kazi. Hakuona pa kutia sahihi. Meneja alimsogezea kidole mahali penyewe, na mimi nilikuwa nimesimama hapo hapo, na mama hakutaka nimshike mkono. Mimi nimeachwa kazini na onyo. Meneja alisema anaelewa mambo ya ndugu.

Tulirudi nyumbani kila mtu upande wake wa barabara. Kisha jana, nikiwa nakunja nguo, alinikalia karibu akaniuliza kama nimekuandikia. Nikasema bado.

"Usimwandikie," akasema. "Akijua nimetolewa, atafikiri hesabu zake zilikuwa na makosa. Ataanza kujitilia shaka, na ndiyo kwanza anaanza kazi za watu. Mwache mtoto afurahi."

Nikamwuliza, wewe je? Akasema yeye hana neno, kinachomsumbua ni kutojua mikono imepatwa na nini. Mpaka leo anaamini ile Machi alikuwa yeye. Anainyoosha mikono mbele ya uso wake na kuigeuza, anaikagua kama mtu aliyeuziwa kitu kibovu. Nilitaka nimwambie tena. Nikaacha. Sina la kumpa badala yake.

Nimekubali kunyamaza, na hapa nakuandikia, kwa hiyo nami nimekuwa mwongo wa nyumba hii. Siku ya mahafali utampigia. Ataweka sauti kubwa, majirani watakuwepo, na atakwambia kazi inakwenda vizuri. Sikuombi umsahihishe. Ila uliniahidi chumba chake. Mama hayuko kazini tena, na sasa unajua. Njoo umchukue, au tuma neno nimlete.

Dada yako


29 Septemba

Kwako Dada,

Shikamoo. Natumaini hamjambo hapo nyumbani. Mimi ni mzima wa afya tele.

Mahafali yalikwenda vizuri mno. Waliniita jina langu lote, nikasimama mbele ya kompyuta, mwenye nyumba akanipigia picha na nakala nimeifungasha humu ndani. Habari nyingine ni kwamba naacha godauni. Kuna kiwanda cha viatu kimenichukua, wameisoma tasnifu yangu na wamenipa laini mbili nizipunguzie watu kabla ya mwaka kuisha. Bosi wa rafu alinipa mkono akaniita Mhandisi, na safari hii hakucheka.

Nilimpigia mama siku ile ile. Sauti nzima, anacheka, majirani wanapiga vigelegele. Nilimwuliza kazi, akasema inakwenda vizuri na meneja anamsifu kila siku. Nimefarijika sana, kwa sababu barua yako ilikuwa imenitia wasiwasi. Siku nyingine naomba uhakikishe mambo kabla ya kuyaandika.

Basi kwa kuwa mama bado yuko kazini na ana furaha, sikuona sababu ya kumsumbua kuhama. Kile chumba cha pili nimekifanya ofisi.

Mdogo wako,
Mhandisi